Mbuzi Aliyeondolewa Pichani

Leo twataka kuungama kosa tulilolifanya kule Muthetheni, katika Machakos. Siku ile tuliliona dogo.

Tulikwenda kuwapiga picha wazee wa kanisa, ili watoto wao wapate ukumbusho. Tulifika asubuhi na mapema, kwa maana jua la mchana la Ukambani huwatia watu vivuli vyeusi machoni. Mjane mmoja mzee akatoka nyumbani, amejifunga leso yake nzuri, na nyuma yake akaja mbuzi jike aliyefungwa kamba. "Huyu naye apigwe," akasema.

Tulicheka. Tukamwambia, "Nyanya, hii ni picha ya kanisa." Kijana wetu mmoja akamsukuma mbuzi kando, tukapiga haraka, tukashukuru, tukaenda nyumba ya pili.

Picha zilipochapishwa, wazee wote walikuwa wametutazama, isipokuwa huyo nyanya. Yeye alikuwa ametazama kando, nje ya picha. Tulidhani tumepiga vibaya. Jirani yake ndiye aliyetueleza. Mama wa mbuzi yule alikufa wakati wa ukame, mwanawe akingali ananyonya. Nyanya akamlea ndani ya nyumba, akimnywesha uji wake mwenyewe, akimlaza karibu na mafiga. Watoto wa nyanya wako Nairobi kutafuta kazi. Jioni akiita, anayeitika ni mbuzi.

Je, mwakumbuka nabii Nathani alivyomwendea mfalme Daudi? Imo katika 2 Samweli, sura ya 12. Hakuanza na hukumu. Alianza na habari ya maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, aliyemlea kama binti yake. Daudi, ambaye zamani alikuwa mchungaji, alishikwa na hasira papo hapo. Nasi tuliokulia kati ya mbuzi, tulisimama mbele ya jambo lilo hilo tukacheka.

Tena sisi wa Machakos tulipaswa kujua zaidi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilisema ng'ombe wa Wakamba wamezidi, ikawachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini. Kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe. Tuseme kweli: udongo ulikuwa ukimomonyoka, na hilo halikuwa uongo. Lakini aliyehesabu aliona idadi tu. Mwenyewe alimjua kila mmoja kwa rangi na kwa mwendo wake. Mwezi wa Julai, Muindi Mbingu na watu wengi, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kumtafuta Gavana, wakakaa huko kwa majuma. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu. Habari hii tumeisimulia mara nyingi kwa majivuno. Siku ile tulikuwa na haraka, hatukuikumbuka.

Basi tuliazimu kurudi. Safari hii tulimwuliza mpiga picha mmoja mzoefu jinsi ya kumpiga mtu pamoja na mnyama wake. Akatuambia: mwenyewe aketi chini, nanyi mpige magoti mpaka kamera ilingane na macho ya mnyama. Msimwashie taa ya kamera usoni, atashtuka. Kisha ngojeni. Mbuzi hajui kuambiwa "tazama hapa". Atageuka apendapo, na kazi yenu ni kuwa tayari.

Tulirudi Muthetheni tukiwa tayari kungoja hata asubuhi nzima. Nyanya alitupokea kwa furaha, akatupa viti na chai. Hatukumwona mbuzi. Tulipouliza, alisema ameuzwa muhula ulipofunguliwa, maana mjukuu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Alisema hivyo bila kulalamika, akiendelea kumimina chai. Tulitazama chini, hatukuwa na la kusema.

Ndipo akaingia ndani, akaleta ile picha yetu ya kwanza, imefungwa katika kitambaa. Hatukuwa tumeitazama vizuri. Katika mkono wake wa kushoto ilionekana kamba, imenyooka mpaka ukingoni mwa picha. Nyanya akaweka kidole juu yake.

"Yuko hapa," akasema. "Ananivuta."