Elimu ya Mtu Mzima Aliye Kazini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mugango)



Nimepewa heshima ya kusema nanyi juu ya elimu ya chuo kikuu kwa watu wazima walio kazini. Najua wengi wenu mmetoka ofisini mmechoka. Kwa hiyo nitasema kwa kifupi, na mwisho nitaleta neno la kuamuliwa na mkutano huu.

Sisi wa Mugango tunao mfano mlangoni petu. Maji ya ziwa huvutwa hapa, yakapelekwa kwa mabomba hata Kiabakari na Butiama. Mtu wa Butiama hakulazimishwa kuhamia ufukweni ili anywe, maji yamemfuata. Elimu nayo ni vivyo hivyo. Zamani aliyetaka chuo kikuu alikifuata kilipo. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa na miaka ipatayo 27, tena mwalimu wa shule huko Tabora, alipoondoka mwaka 1949 kwenda Edinburgh, asirudi ila mwaka 1952 na shahada yake. Leo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichowekwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kina kituo chake mjini Musoma, na karani aweza kusoma asiache kalamu yake.

Namna ya masomo ni hii. Mwanafunzi hukaa kwake, husoma kwa vitabu na kwa intaneti, akaenda kituoni siku za mitihani. Si lazima amalize kwa miaka mitatu. Aweza kuchukua masomo machache kwa kadiri ya nafasi yake. Asiyetimiza sifa za kuanza shahada, iko kozi ya msingi ya kumwandaa. Na asiyetaka shahada, ziko stashahada na kozi fupi.

Jambo hili si geni katika nchi yetu, wala katika mkoa wetu. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa Azimio la Musoma. Humo iliamuliwa kwamba kijana amalizapo kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, walau miaka miwili, na wenzake wa kazini wamshuhudie. Shabaha ilikuwa njema: chuo kipate watu waijuao kazi. Lakini ikaonekana kwamba idadi ya wanawake chuoni imepungua, maana katika miaka ile ya kungoja wengi waliolewa na kushikwa na malezi; ikabidi wao waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Basi tujifunze mawili: kwamba mtu mzima huja darasani na akiba ya maarifa ambayo kijana hana, na kwamba mlango uliofunguliwa kwa mmoja waweza kumfungia mwingine tusipoangalia.

Sasa nije kwenye lile linalotukwaza. Mwanachama mmoja aliniuliza, “Fedha zikiwa chache, nilipe ada yangu au ya mwanangu?” Swali hili lina haki. Mimi najibu: ada ya mtoto itangulie. Lakini tujipime kwa kweli. Mara nyingi kinachotushinda si ada, ila ni jioni zetu. Mtu huanza kwa bidii, masomo sita kwa pamoja, akisoma peke yake usiku. Mwezi wa tatu msiba huingia nyumbani, hesabu za mwisho wa mwaka hufika ofisini, naye hukiweka kitabu asikishike tena. Afadhali masomo mawili yaliyomalizika kuliko sita yaliyoachwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena tusidanganyane kwamba cheti peke yake humpandisha mtu cheo. Kabla ya kujiandikisha, kila mtu amwandikie mkubwa wake wa kazi, aombe ruhusa, na nakala ya majibu aitunze. Asomaye kimya kimya asije akashangaa baadaye kuona idara yake haiitambui shahada yake. Naye achague somo litakalomfaa mwananchi ajaye dirishani, maana huyo ndiye atakayetupima.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mapendekezo matatu. Kwanza, chumba hiki cha mikutano kifunguliwe jioni mbili kila juma kwa wanachama wanaosoma, wasome pamoja na kuulizana. Pili, sehemu ya mfuko wetu itengwe kwa mikopo midogo ya ada, irudishwe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, ili fedha ya mtoto isiguswe. Tatu, saa za masomo zipangwe na mabibi wanachama wenyewe kwanza, kisha sisi tuzifuate; kwani tukipanga sisi tutapanga saa ambayo wao wako jikoni.

Bomba la maji limefika Butiama kwa kuwa watu walichimba mtaro. Mtaro wa elimu hii ni kazi yetu, wala hakuna atakayetuchimbia.

Sasa nayaacha maneno haya mikononi mwa mkutano.