Hesabu ya Akiba na Hesabu ya Hundi: Juu ya Kuhamisha Fedha Upesi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwisho wa mwezi)



Tulipoombwa na Kamati tuseme machache juu ya fedha za benki tulisita, kwa kuwa sisi si watu wa benki. Sisi ni makarani kama ninyi, na mshahara wetu mwaujua, maana ngazi zake zimechapwa na kila mtu huzisoma. Lakini jambo lililotupata Januari iliyopita limetufundisha kitu, nasi tumeona si vyema kukinyamazia.

Karibu kila mmoja wetu anazo hesabu mbili. Moja ndiyo ipokeayo mshahara, nayo ni ya kutoa na kulipa kila siku. Hiyo twaiita hesabu ya hundi, ijapokuwa wengi wetu hatujaandika hundi miaka mingi. Ya pili ni ya akiba. Zamani kati ya hizo mbili palikuwa na safari. Leo mtu aliyeketi ndani ya matatu hubonyeza simu yake mara nne, na kabla hajafika kituo cha pili fedha zimekwisha kuhama.

Yafaa tufahamu kinachotendeka hapo. Hesabu zote mbili zikiwa katika benki moja, hapana hata senti moja itembeayo. Karani wa hesabu ajua: ni mistari miwili ya daftari, mmoja wapunguza huku, wa pili waongeza kule, na deni la benki kwako ni lile lile. Ndiyo sababu jambo hilo huwa la mara moja. Benki zikiwa mbili kazi ni kubwa zaidi, maana moja huwa yaiwia nyingine, na lazima wapatane. Hapa Kenya tangu mwaka 2017 pana njia iitwayo PesaLink, ipelekayo fedha toka benki hadi benki papo hapo, usiku na mchana, hata siku ya Jumapili, kwa kiasi kisichofika shilingi milioni moja kwa mara moja. Tahadhari ni moja tu: soma jina kabla ya kukubali. Ukikosea tarakimu, fedha hukimbia upesi vile vile kwenda kwa mtu usiyemjua, na kuzirudisha si kwa upesi huo.

Sasa tueleze yaliyotupata. Tulikuwa tumeweka akiba ya karo ya mtoto wetu, na mwezi wa Oktoba ilikuwa imefika Sh. 48,000. Tulifurahi sana, hata tulimwonyesha mama watoto simu. Shule zilipofunguliwa Januari tulikuta Sh. 11,300. Tulidhani tumeibiwa. Tulikwenda benki kwa ghadhabu, tukadai taarifa ya hesabu, na yule kijana wa dirishani akatuchapishia bila kusema neno. Mabwana, kila mstari ulikuwa wetu. Tulihesabu mara 19 tulizohamisha fedha toka akiba kwenda hesabu ya hundi. Kubwa kuliko zote Sh. 3,500, nyingine Sh. 800. Hapakuwa na ugonjwa hata mmoja ndani yake, wala kilio. Palikuwa na nyama ya Jumapili, mchango wa arusi ya mtu tusiyemjua vizuri, na shati. Kila mara tulijiambia kwamba tutarudisha mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi ulikuwa na shida zake mwenyewe. Mtoto alikaa nyumbani siku tisa.

Tangu siku hiyo tumefikiri sana juu ya ule umbali wa zamani. Akiba ya Posta ilipoanzishwa Uingereza mwaka 1861, mtu aliyetaka kutoa fedha zake alipaswa kuandika makao makuu London, kisha angoje hati ya kutolea ije kwa barua. Kenya ilipata Akiba ya Posta mwaka 1910, na kitabu chake cha mkononi wazee wetu walikifungia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Hatusemi kungoja kulikuwa kwema, watu waliumia. Lakini zile siku za kungoja ziliifanya kazi moja ambayo hakuna aliyeiandika katika sheria: shati lilisahauliwa kabla hati haijafika. Umbali ule ukiondolewa, nani afanye kazi hiyo?

Wenye benki wenyewe wameliona jambo hili. Mwezi wa Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walianzisha M-Shwari, ambapo fedha zilitoka M-Pesa kwenda akibani na kurudi mara moja bila ada. Watu wakaingia kwa wingi. Lakini haikupita miaka miwili ila wakaongeza akiba ya kufunga: mtu huchagua muda, tangu mwezi mmoja mpaka miezi sita, na akitaka fedha kabla ya siku yake hungoja saa 48. Tazameni, Mabwana, jinsi ilivyo ajabu. Watu waliojisifu kwa upesi waliuza ukawiaji, nao ukanunuliwa.

Mbali zaidi ya hapo ni chama chetu cha akiba na mikopo, yaani Sacco. Mwanachama hawezi kuzichukua amana zake atakapo. Hana budi ajitoe chamani kwa notisi ya siku 60. Wengi hunung'unika, lakini kwa dhamana ya amana hizo aweza kukopa, mara nyingi hata mara tatu yake.

Hapa twaomba tusieleweke vibaya. Baada ya mkasa wa karo tulikasirika nafsini mwetu, tukafunga kila senti ya akiba kwa miezi sita. Mwezi wa Aprili, usiku wa Jumamosi, shemeji yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya wakati. Hospitali ilitaka Sh. 15,000 kwanza. Fedha tulikuwa nazo, zaidi ya hizo, lakini zilikuwa ndani ya zile saa 48. Tulibisha mlango wa jirani saa saba za usiku. Jirani alitoa, Mungu ambariki, mama na mtoto wako hai. Kama asingalikuwapo tungalikopa kwa simu. Na mikopo hiyo ya simu tuipime kwa kalamu: M-Shwari ilipoanza, ada ya mkopo ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Akopaye hivyo mwezi baada ya mwezi hulipa 90 kwa mia kwa mwaka, huku akiba yake ikimpatia faida ndogo sana, na katika faida hiyo hukatwa kodi ya 15 kwa mia. Mtu wa namna hii ana fedha na bado ni maskini.

Basi twaona si sawa akiba yote ikae mlangoni, wala si sawa yote ikae ng'ambo. Sisi sasa twaweka kiasi cha mshahara wa nusu mwezi mahali pa kuhamishika saa yoyote, kwa ajili ya hospitali na kilio tu. Karo imefungwa mpaka wiki ya kufungua shule. Iliyobaki iko Sacco. Na kwa ile ya karibu tumewekeana sharti na mama watoto: hapana ahamishaye hata Sh. 200 asimwambie mwenziwe kabla, kwa mdomo, si kwa ujumbe wa simu. Mtacheka, lakini mara mbili tumeona haya kusema, tukaacha.

Kuingiza akibani ni jambo jingine. Huko upesi ni rafiki. Mwaweza kuiagiza benki ihamishe kiasi kile kile kila mwezi pasipo ninyi kugusa. Ila angalieni tarehe. Mwenzetu mmoja aliagiza tarehe 28. Mshahara ukachelewa mpaka tarehe 3, benki ikaikuta hesabu tupu, ikamtoza ada kwa agizo lililoshindikana. Agizeni tarehe 5 au 6. Kadhalika ulizeni masharti ya hesabu zenu za akiba, kwa maana benki nyingi humnyima faida atoaye mara nyingi kuliko walivyoruhusu. Masharti hayo yameandikwa kwa herufi ndogo, na sisi ambao kazi yetu ni kusoma makaratasi ya wengine hatukuwa tumeyasoma ya kwetu.

Tumepatana na Mweka Hazina kwamba mkutano ujao kila atakaye alete taarifa ya hesabu yake ya miezi mitatu. Haitasomwa na mtu mwingine. Mwenyewe atapiga mstari chini ya kila fedha iliyotoka akibani, na pembeni aandike ilikwenda wapi. Kalamu nyekundu ziko kwa Katibu.