Shamba la Dirishani: Nyanya Fupi kwa Nyumba Isiyo na Uwanja

Haya ni maneno ya mazungumzo ya familia zetu ya mwezi Machi, kabla ya msimu wa kupanda. Tumeyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku hiyo.



Wengi mlio hapa mmelima. Mmelima mihogo, mahindi, maharagwe, lengalenga, na nyanya za kupeleka sokoni. Hakuna haja ya mtu kusimama hapa kuwafundisha jembe. Lakini leo mnakaa ghorofa ya pili au ya tatu, uwanja ni wa mwenye nyumba, na mzee aliyelisha watu kumi kwa mikono yake anashinda sebuleni akitazama televisheni ya lugha asiyoielewa. Hilo ndilo lililotukusanya. Ukulima wenu haukubaki kambini. Mikono bado inajua. Vilivyobadilika ni vitu vitatu: kalenda, jua na udongo. Tukivielewa hivyo, dirisha moja linatosha kuanzia.

Kwanza mbegu. Nyanya, au tomati kama wengine wetu tunavyosema, huwa ndefu kumshinda mtu, na hutaka miti na kamba. Hiyo haifai chumbani. Lakini zipo nyanya fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya vyungu. Moja inaitwa Tiny Tim, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha New Hampshire mwaka 1945. Kimo chake ni kama sentimita 30 hadi 45. Nyingine ni Micro Tom, ya Chuo Kikuu cha Florida, ya mwaka 1989. Hiyo haizidi sana sentimita 20, yaani kimo cha shubiri moja hivi. Zote huzaa nyanya ndogo za duara, za kutia mdomoni mara moja. Zikifika kimo chake zinaacha kurefuka, kwa hiyo hazihitaji kupunguzwa machipukizi. Dukani, tafuteni pakiti iliyoandikwa neno dwarf au patio. Na idadi ya siku iliyoandikwa kwenye pakiti kwa kawaida huhesabiwa tangu kuhamisha mche, si tangu kusia. Ninyi hesabuni kama miezi mitatu kutoka mbegu hadi tunda la kwanza jekundu.

Sasa kalenda. Kwetu tulisubiri mvua. Hapa tunasubiri baridi iondoke. Nyanya haivumilii sakitu; usiku mmoja tu wa baridi ya kugandisha unaua kila kitu. Hapa Kentucky, na jirani zetu wa Ohio na Indiana, wengi hungoja mpaka karibu katikati ya Mei ndipo watoe nyanya nje. Msidanganywe na siku tatu za joto mwezi wa Aprili. Kwa kuwa mche unahitaji majuma sita hadi manane ndani ya nyumba kwanza, hesabuni kurudi nyuma: mnasia katikati au mwisho wa Machi. Ndiyo maana tumekutana leo.

Jua nalo. Kule Kongo na Burundi mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima, na jua hupita utosini. Hapa mwezi wa Desemba mchana una kama saa tisa na nusu tu za mwanga, lakini Juni unakaribia saa kumi na tano. Tena jua la hapa hukaa upande wa kusini, na wakati wa baridi hukaa chini sana. Dirisha linalotazama kaskazini ni jeupe, lakini halina jua la kuivisha nyanya. Fungueni dira kwenye simu, mtafute dirisha la kusini. La magharibi linaweza kusaidia. Mmea wenye matunda unataka saa sita hadi nane za jua lenyewe kila siku. Kama hamna, nunueni taa ndogo ya LED ya mimea, muiweke sentimita 10 hadi 20 juu ya miche, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha mzime usiku. Mkiona mche umerefuka, umekonda na kuinamia kioo, ujue unatafuta mwanga. Mbolea haitauponya.

Kuhusu udongo, naomba mnisikilize vizuri, hasa wenye watoto wadogo. Kwetu udongo ulichimbwa nyuma ya nyumba. Hapa msifanye hivyo. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya mwaka 1978 zilipakwa rangi yenye madini ya risasi. Mwaka huo ndipo rangi hiyo ilipopigwa marufuku majumbani. Rangi ikizeeka hubanduka, na vumbi lake huanguka kwenye udongo kando ya ukuta. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na haionekani wala hainuki. Mtoto akichezea udongo huo kisha akala bila kunawa, ameila. Nunueni mfuko wa udongo wa vyungu ulioandikwa potting mix. Ni mwepesi, maji yanapita, na hauna vumbi la ukuta wa zamani. Mkitaka kweli kulima uwanjani, udongo upimwe kwanza. Kila jimbo lina ofisi za mabwana shamba na mabibi shamba zinazoitwa Extension, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1914. Wapigieni simu, ombeni mkalimani, waulizeni jinsi ya kupima udongo.

Chombo kisiwasumbue. Chungu cha lita mbili hadi nne kinatosha mmea mmoja wa Micro Tom. Kwa Tiny Tim tafuteni kikubwa zaidi, kama lita nane. Ndoo iliyobeba chakula inafaa. Ndoo iliyobeba rangi au dawa haifai, hata ikioshwa mara kumi. Toboeni matundu chini, na muweke sahani ya kukinga maji yasimdondokee jirani wa ghorofa ya chini. Kabla ya kutumia balkoni, someni mkataba wa nyumba au mwulizeni mwenye nyumba. Msiweke kitu chochote kwenye ngazi za kukimbilia moto.

Kazi yenyewe mnaijua. Lowesheni udongo kwenye vikopo vidogo, weka mbegu mbili kwa kila kikopo, kina cha nusu sentimita, kisha funikeni kwa nailoni. Mbegu inataka joto, nyuzi 70 hadi 80 za Fahrenheit. Juu ya friji mara nyingi pana joto la kutosha. Itachipua baada ya siku tano hadi kumi. Siku hiyohiyo ondoeni nailoni, mpeleke vikopo kwenye mwanga. Mche dhaifu ukateni kwa mkasi, msiung'oe, ili mizizi ya mwenzake isitikisike. Majani halisi yakitimia mawili au matatu, uhamisheni kwenye chungu chake na mzike shina hadi karibu na majani ya chini. Shina la nyanya hutoa mizizi penye udongo.

Wa kwenda nje uzoesheni kwa siku saba hadi kumi: leo saa moja kivulini, kesho saa mbili, kisha jua kidogo, na usiku urudi ndani. Ukitolewa ghafla, majani yanaungua na kuwa meupe. Uacheni ulale nje pale tu usiku unapokuwa juu ya nyuzi 50.

Maji ndiyo yanayoua nyanya nyingi za vyunguni, kwa kuzidi na kwa kupungua. Tieni kidole ndani ya udongo. Ukiwa mkavu hadi kiungo cha kwanza, mwagilieni mpaka maji yatoke chini, kisha mmwage yaliyobaki kwenye sahani. Wakati wa Julai huenda mkamwagilia kila siku. Leo kame, kesho mafuriko, tunda huota doa jeusi kitakoni. Hapo rekebisheni mwendo wa maji kwanza, msikimbilie dawa. Matunda yakianza, wekeni mbolea ya maji kila majuma mawili, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Maua nayo. Ua la nyanya lina dume na jike pamoja. Nje, upepo na nyuki hulitikisa. Chumbani hakuna wa kulitikisa, hivyo kila siku karibu na mchana gongeni shina taratibu kwa kidole. Hiyo ni kazi nzuri ya mtoto. Ila mwambieni kwamba majani ya nyanya si mboga kama sombe au majani ya maboga. Hayaliwi.

Fedha. Wengi hamjaambiwa hili: tangu mwaka 1973 sheria ya msaada wa chakula, ule wa kadi ya EBT, inaruhusu kununua mbegu na miche ya mimea inayozaa chakula, katika duka lolote linalopokea kadi hiyo. Vyungu, udongo na mbolea havimo. Baadhi ya maktaba za mtaa pia hugawa mbegu bure, ulizeni. Lakini ndugu akija kutoka nyumbani, asiwaletee mbegu ndani ya sanduku kimyakimya. Mbegu za kupanda lazima zitangazwe forodhani na ziwe na cheti cha afya ya mimea, vinginevyo zitachukuliwa na anaweza kutozwa faini.

Neno la mwisho kwa vijana. Kununua na kusoma pakiti ni kazi yenu, maana ninyi mna Kiingereza. Lakini chungu kikishafika nyumbani, mkabidhini mama au babu. Msimwelekeze sana. Mwulizeni yeye: tumwagilie leo au kesho? Mche huu una nini? Atawajibu, na majibu yake mengi yatakuwa sahihi, kwa sababu nyanya ni ileile. Vyungu vitatu havitalisha nyumba. Vitatoa kachumbari ya siku kadhaa, na vitampa mzee sababu ya kuamka na kuulizwa jambo analolijua.

Pakiti za mbegu ziko mezani karibu na mlango, moja kwa kila nyumba. Sieni juma hili. Sasa tuchukue maswali.