Kuhamisha Daftari la Wafanyakazi



Siku hizi daftari la wafanyakazi laweza kuwekwa katika kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, ziitwazo wingu. Sisi makarani twasema: katika mashamba ya Kericho na Bomet, lisihamishwe lote kwa siku moja. Mchuma chai aliyeandikiwa vibaya mwaka wa kuanza kazi huenda akapunjwa kiinua mgongo chake.

Mwaka 2001, huko Utah, Marekani, mafundi 17 wa programu walitoa tamko: kazi itolewe kidogo kidogo, watumiaji waione, nayo irekebishwe. Twaijua njia hiyo. Huchuma majani mawili na chipukizi, kisha baada ya siku chache huurudia mche ule ule.

Basi kianze kikosi kimoja. Kila mtu asomewe jina, miaka na likizo zake. Makosa yakisha kusahihishwa, kifuate kikosi cha pili. Daftari la zamani lisitupwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa kila mtu haki ya kuona habari zake na kutaka zisahihishwe. Wazee, wahimizeni vijana waidai.