Kura ya Maoni Katika Nchi Yenye Wawakilishi



Wapo wanaouliza: ikiwa wananchi wamekwisha kuwachagua wawakilishi, kuna haja gani ya kuwauliza tena wenyewe kwa kura ya maoni?

Jawabu moja linapatikana katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Huko Wakurya wanaujua tangu zamani mkutano wa jamii uitwao iritongo, ambamo huzungumzwa usalama na wizi wa mifugo. Kadhalika, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila ya idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakaazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Halmashauri imechaguliwa na inaaminiwa. Lakini kiongozi asiyefaa huondolewa katika uchaguzi unaofuata, ilhali ardhi iliyokwisha kutolewa ni vigumu kurejea.

Msingi huo ndio uliofuatwa Zanzibar. Tarehe 31 Julai, 2010, wananchi wa Unguja na Pemba waliulizwa juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 walikubali. Ndipo Baraza la Wawakilishi lilipoibadilisha Katiba ya Zanzibar, na kuweka sharti kwamba baadhi ya vifungu vyake visibadilishwe bila ya kura ya maoni. Baraza halikupoteza heshima yake, liliongezewa nguvu.

Kwa upande wa Muungano, Katiba Inayopendekezwa ilipangiwa kura tarehe 30 Aprili, 2015. Ili ipite, ilihitaji kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya kura halali za Tanzania Bara, na zaidi ya nusu ya zile za Zanzibar. Hivyo mpiga kura wa Tarime na mwenziwe wa Pemba walikuwa wakingojeana. Uandikishaji wapiga kura haukukamilika kwa wakati, na kura ikaahirishwa.

Kwa hiyo, kuunga mkono kura ya maoni si kuwakataa wawakilishi. Ni kuweka mpaka: mambo ya kila siku yaamuliwe na waliochaguliwa, na yale yasiyorekebishika kwa uchaguzi mwengine yarudishwe kwa wenyewe. Lakini hapana budi daftari liwe tayari, swali liwe wazi, na pande zote mbili zisikilizwe. Mwananchi asiyeelewa anachoulizwa hajaulizwa.