Watoto Wetu na Sayansi ya Intaneti
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Labda mtauliza, chama cha wafanyakazi kina kazi gani na masomo ya sayansi? Kazi ipo. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Masomo yalipitia redio, televisheni na intaneti. Mwenye simu na bando alisoma. Watoto wengi wa vibarua walingoja.

Lakini simu peke yake haitoshi. Mtoto akinakili majibu ya mashini hajajifunza kujitegemea. Yampasa ajaribu mwenyewe.

Tutazame kazi tuijuayo, chumvi ya Gongoni na Marereni. Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kimetengeneza majaribio ya sayansi ya bure, yaitwayo PhET. Katika moja, mwanafunzi hutia unga majini, kisha huyapunguza maji kwa mvuke, akaona ni wakati gani unga huanza kutua chini. Mwalimu asitoe jibu. Aseme: "Kisia, andika, kisha jaribu." Baadaye wachemshe lita moja ya maji ya bahari mpaka ikauke, wapime. Kwa kawaida lita moja ina karibu gramu 35 za chumvi. Wakipata pungufu au zaidi, watafute sababu wao wenyewe.

Wala si lazima kununua bando kila siku. Majaribio hayo hupakuliwa mara moja, yakatumika bila intaneti. Na programu ya Kolibri huwezesha kompyuta moja kugawa masomo kwa simu zilizo chumbani.

Kwa hiyo naomba mambo matatu:

1. Tangu 2016 Serikali ilipeleka kompyuta ndogo katika shule za msingi. Kila tawi liulize ziko wapi, na ziwekwe wazi jioni kwa watoto wasio na simu.

2. Walimu wafundishwe kazi hii katika saa za kazi, wasiongezewe mzigo bila malipo.

3. Mzazi asiulize tu, "Umepata ngapi?" Aulize pia, "Umejuaje?"

Mtoto aliyezoea swali hilo hatadanganywa kesho kwenye mizani wala kwenye hesabu ya mshahara wake.

Umoja ni nguvu.