Damu ya Miguuni Isituame



Aliyewahi kupanda treni kutoka Mpanda hadi Kaliua, kilomita zipatazo 210 kwa kuvuka mto Ugalla, anajua: ukishuka, viatu vinabana. Damu imetuama miguuni. Unapotembea, vigimbi huikamua mishipa na kuipandisha damu kuelekea moyoni, na vali ndogo huizuia isirudi chini. Ukikaa au kulala muda mrefu bila kujongea, pampu hiyo hulegea na damu inaweza kuganda.

Ndiyo maana mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mkubwa anaweza kuvishwa miguuni mifuko ya hewa, mfano wa ule mkanda wa kupimia presha. Mashine huijaza hewa, ikabana mguu kwa sekunde chache, kisha ikalegea. Tena na tena. Inafanya kazi ya kigimbi kilicholala. Lakini usiivae bila ushauri wa daktari: kama tayari damu imeganda mguuni, au mishipa inayoleta damu imeziba, inaweza kukudhuru.

Safarini hutahitaji mashine. Kunja na kunyoosha vifundo vya miguu, simama, tembea, kunywa maji.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, huenda damu imeganda; usiukande. Wahi kituo cha afya. Kifua kikiuma ghafla na pumzi ikikatika, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, ndugu msikilizaji, usingoje kesho.